Sikukuu za Italia mwaka mzima: lini wanasafiri, lini wanafunga kazi, na mezani wanaweka nini?

Bandari_Watamu

Salaam wandugu. Naulizia kwa ajili ya nyumba ya wageni ya vyumba vinane hapa Watamu, ambayo wageni wake wengi ni Waitaliano. Orodha za sikukuu zao zimejaa mtandaoni ila zinataja tarehe na majina tu. Ninayotaka kujua ni haya:

Kwanza, sikukuu zipi zinawafanya wapande ndege, na zipi wanabaki nyumbani? Pili, mbona wanatofautiana? Mgeni wa Milano anasema 7 Desemba ni sikukuu, wa Napoli anashangaa. Tatu, mezani: tarehe 24 Desemba, 31 Desemba na Pasaka tuandae nini kitakachowafanya wajisikie kwao? Wapishi wetu ni Waislamu, kwa hiyo nguruwe na pombe haviingii jikoni. Nne, kuna kitu ambacho tukikifanya siku fulani tutamuudhi mgeni bila kujua?

Anayeishi huko au anayeijua kazi hii atujuze kwa undani.

---

Kalenda_Bologna

Wa alaikum salaam ndugu. Hilo swali la pili ndilo la kuanza nalo, maana likieleweka mengine yanajipanga. Italia ina kalenda tatu zilizolaliana, na ukisoma moja tu utakosea.

Ya kwanza ni ya taifa. Siku zake ni 1 Januari, 6 Januari (Tokeo la Bwana), Pasaka na Jumatatu ya Pasaka, 25 Aprili (ukombozi wa 1945), 1 Mei, 2 Juni (Jamhuri, kwa kura ya maoni ya 1946 iliyouondoa ufalme), 15 Agosti, 1 Novemba (Watakatifu Wote), 8 Desemba (Mkingiwa Dhambi ya Asili), 25 na 26 Desemba. Kuanzia 2026 imerudishwa pia 4 Oktoba, siku ya Fransisko wa Assisi. Orodha nyingi za zamani mtandaoni bado hazina hiyo, kwa hiyo angalia uliyo nayo.

Sasa kuna mambo mawili yanayowachanganya watu wa kwetu. Ijumaa Kuu si sikukuu ya taifa Italia. Mabenki yanafunguliwa, viwanda vinafanya kazi. Ukipanga kwamba mgeni atafika Alhamisi Kuu kwa sababu Kenya na Tanzania ni mapumziko, utakuta anatua Jumamosi. Na sikukuu ikiangukia Jumapili, Italia haiisogezi Jumatatu kama Kenya inavyofanya. Siku imepotea, basi. Mwaka 2027, 25 Aprili na 15 Agosti zote ni Jumapili, kwa hiyo usitegemee wikendi ndefu hapo.

Kalenda ya pili ni ya mji. Kila mji una mtakatifu wake msimamizi, na siku yake ni mapumziko kwa wanaofanya kazi katika mji huo peke yake. Milano ni Ambrosio, 7 Desemba. Roma ni Petro na Paulo, 29 Juni. Firenze, Torino na Genova wote ni Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Napoli ni Januari, 19 Septemba. Palermo ni Rosalia, 15 Julai. Catania ni Agata, 5 Februari. Bari ni Nikola, 6 Desemba. Padova ni Antonio, 13 Juni. Venezia wana Marko, 25 Aprili, siku ileile ya ukombozi, kwa hiyo hawapati ya ziada. Na hapa Bologna Petronio ni 4 Oktoba, ambayo sasa ni ya taifa zima. Ndiyo maana mgeni wako wa Napoli alishangaa: 7 Desemba kwake ni siku ya kazi kama nyingine.

Ya tatu ni kalenda inayohama, inayofuata Pasaka. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haitoki nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 ni 28 Machi, mwaka 2028 ni 16 Aprili. Kanivali nayo inahesabiwa kurudi nyuma: inaishia Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, na Jumanne hiyo 2027 ni 9 Februari. Isipokuwa Milano. Wao hufuata liturujia ya Ambrosio, na kanivali yao inaendelea hadi Jumamosi, yaani 13 Februari 2027. Familia za Milano hupata watoto bila shule siku ambazo Roma wameshaanza Kwaresima.

Kuhusu kusafiri, jifunze neno moja: *ponte*, daraja. Sikukuu ikiangukia Alhamisi au Jumanne, mtu huomba ruhusa siku moja iliyobaki katikati na kuunganisha na wikendi. Tazama Desemba 2027: 7 ni Jumanne, 8 ni Jumatano. Mtu wa Milano akiomba Jumatatu ya tarehe 6 tu, anapata siku tano, kuanzia Jumamosi ya 4 hadi Jumatano ya 8. Mtu wa Roma atahitaji kuomba siku mbili kwa mapumziko hayohayo. Siku tano hazitoshi kuja Kenya kwa raha, lakini zinatosha kufanya Milano na milima ya Alpi kujaa.

Wanaokuja pwani yetu wanahitaji wiki moja na zaidi, na hapo kinachoamua ni shule. Shule hufungwa takriban 23 Desemba hadi 6 Januari, Pasaka ni kuanzia Alhamisi hadi Jumanne tu, kisha kuanzia wiki ya pili ya Juni hadi katikati ya Septemba (kila mkoa una tarehe zake). Kwa hiyo familia zenye watoto zinakuja nyakati mbili: baada ya Krismasi, na Agosti. Wana msemo wao, kwamba Krismasi ni ya kukaa na wazazi, Pasaka ni ya kukaa na umtakaye. Msemo huo unaonekana hata kwenye viwanja vya ndege: wengi hula chakula cha 25 kwao, kisha huondoka 26 na kurudi karibu na 6 Januari. Panga wafanyakazi wako hivyo. Likizo za wapishi zisiwe 27.

Agosti ni habari nyingine. 15 Agosti, *Ferragosto*, ina mizizi kwa Kaisari Augusto aliyeanzisha siku za mapumziko mwaka 18 kabla ya Kristo, na Kanisa likaiunganisha na Kupalizwa kwa Bikira Maria. Lakini siku yenyewe ni kilele tu. Kampuni nyingi hufunga kabisa wiki mbili zinazoizunguka, na mfanyakazi hana uchaguzi wa kuchukua likizo wakati mwingine. Ndiyo maana bei za ndege hupanda kiasi kile. Nafasi za kati ya 6 na 22 Agosti ni za kuuza mapema.

Pasaka ikiwa mapema, kama 28 Machi 2027, mna bahati, kwa sababu masika huwa haijakolea. Ikichelewa hadi katikati ya Aprili, mwambie mgeni ukweli kuhusu mvua kabla hajalipa.

---

Mpishi_Campania

Kalenda_Bologna kamaliza upande wake. Mimi niingie jikoni.

Tarehe 24 Desemba usiku. Ni mlo bila nyama. Kanisa halilazimishi tena siku hiyo, ni desturi, lakini kwa watu wa kusini ni desturi nzito. Ukiwawekea nyama choma usiku huo utakuwa umeharibu. Habari njema kwako ni kwamba pwani mna kila kitu: kamba, ngisi, pweza, tewa. Kusini mlo mkubwa ni huu wa usiku wa 24. Kaskazini mlo mkubwa ni mchana wa 25, karibu saa saba, na hapo nyama inaruhusiwa. Kwa hiyo kabla ya kupanga, uliza mgeni anatoka mji gani. Swali hilo moja litakuokoa mara nyingi.

Tambi za samaki: kwa kawaida ni gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kwa mtu, lakini usiku wa 24 kuna vyakula vitano au sita mbele, kwa hiyo weka 60 hadi 70. Maji lita 1 kwa kila gramu 100, chumvi gramu 10 kwa lita. Zitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zimalizie kwenye sufuria ya mchuzi pamoja na kijiko kikubwa cha yale maji. Wengi hukosea kwa kumwaga maji yote, mchuzi ukakauka na kukataa kushika tambi. Na usipeleke jibini mezani pamoja na tambi za samaki. Mtaliano wa kawaida haweki, na ukimwekea atadhani mpishi hajui.

Mila ya Napoli ina *baccalà*, chewa wa chumvi, na mkunga mkubwa wanayemwita *capitone*. Chewa huyo huloweshwa siku mbili hadi tatu, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni. Usijaribu kumweka ng'onda badala yake. Harufu yake ni kali zaidi na nyama yake haifumuki vizuri. Afadhali chukua tewa mbichi, mkate vipande vya upana wa vidole vitatu, mkaushe kwa kitambaa, mpake unga mkavu na mkaange. Akiwa na maji, unga unageuka gundi.

Tarehe 31 usiku. Hapa ndipo kuna nguruwe, kwa sababu sahani maarufu ni *cotechino*, soseji nene ya nguruwe, au *zampone* ya Modena, pamoja na kamande. Lakini maana yote iko kwenye kamande: zinafanana na sarafu, na kuzila baada ya saa sita ya usiku ni kujitakia mwaka wenye fedha. Bila soseji bado sahani ina maana. Iseme wazi kwenye menyu kwamba jiko halipiki nguruwe, na kamande zipo. Hakuna atakayelalamika.

Kwa watu wanane: kamande kavu za kahawia, ndogondogo, gramu 400. Kitunguu 1, karoti 1, kipande 1 cha seleri, vyote vikatwe vidogo sana na vikaangwe polepole kwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya zeituni kwa dakika kumi, bila kuungua. Tia kamande zilizooshwa, kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, kisha supu ya mboga ya moto kidogo kidogo, karibu lita 1.2 kwa jumla. Dakika 25 hadi 40 moto mdogo. Chumvi mwishoni. Makosa ni mawili. La kwanza ni kununua zile nyekundu zilizopasuliwa: zinakuwa uji ndani ya robo saa, na sarafu hazionekani tena. La pili ni majina: kamande ninazosema si ndengu za kijani ambazo Tanzania wanaita choroko. Ukimtuma mtu sokoni mwonyeshe picha.

Keki za msimu ni mbili. *Panettone* ni ya Milano, ina zabibu na maganda ya machungwa yaliyokolezwa sukari. *Pandoro* ni ya Verona, haina matunda, hunyunyiziwa sukari ya unga. Jina panettone linalindwa na amri ya serikali ya 2005: lazima siagi isipungue asilimia 16 na matunda yasipungue asilimia 20. Kwa hiyo soma pakiti unapoagiza. Kama imeandikwa keki ya Krismasi tu bila jina hilo, huenda mafuta yake si siagi. Joto la pwani huyeyusha siagi hiyo na keki hulala upande mmoja, kwa hiyo ihifadhi ndani ya mfuko wake, chumba chenye ubaridi, isikae karibu na jiko. Ikate kwa kisu kirefu chenye meno. Kisu butu kinaikandamiza.

Kanivali. Kama una wageni Februari, kaanga vile vipande vyembamba vya unga. Jina linabadilika kila mkoa: *chiacchiere* Milano, *frappe* Roma, *cenci* Toscana, *bugie* Torino na Genova, *crostoli* upande wa Venezia. Kitu ni kilekile. Anayejua kukaanga visheti hana la kuogopa. Unga wa ngano gramu 500, sukari 70, siagi 50, mayai 3 na kiini 1, maganda ya limau yaliyoparwa, chumvi kidogo. Wao hutia vijiko viwili au vitatu vya pombe kali, ambayo ikiingia kwenye mafuta hugeuka mvuke na kufanya malengelenge. Ninyi tieni kiasi hicho cha juisi ya chungwa na kijiko kidogo cha siki. Malengelenge yatapungua kidogo tu. Kanda hadi uwe laini, ufunike nusu saa, kisha usukume mwembamba hadi milimita 2 au chini. Hapo ndipo watu wanavunjika moyo: ukiwa mnene kama chapati, utakuwa mgumu kama biskuti ya meli. Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 175. Yakiwa chini ya hapo unga unayanywa. Sukari ya unga nyunyiza zikishapoa, la sivyo inayeyuka.

Pasaka. Keki yenye umbo la njiwa, *colomba*, na mayai makubwa ya chokoleti yenye zawadi ndani. Usitoe panettone Pasaka hata kama imebaki na haijaharibika. Ni kama kumpa mtu kadi ya mwaka jana. Watu wa Milano hula kipande cha mwisho cha panettone 3 Februari, siku ya Mtakatifu Blasi, wakiamini inalinda koo. Baada ya hapo imekwisha. Nyama ya siku ni mwanakondoo. Jumatatu ya Pasaka hawali mezani, wanatoka nje na vikapu: mayai ya kuchemsha, mikate yenye jibini ndani, nyama ya kuchoma. Kwenu hilo ni rahisi, wapelekeni ufukweni.

Wakitaka *pastiera* ya Napoli, torti ya ngano iliyochemshwa na ricotta (jibini laini jeupe), yenye harufu ya maji ya maua ya mchungwa: iokwe Alhamisi au Ijumaa, iliwe Jumapili. Ikiliwa siku ileile harufu haijaingia. Ricotta ichujwe usiku kucha juu ya kitambaa, vinginevyo katikati hapashikani. Moto nyuzi 160 hadi 170 kwa zaidi ya saa moja, na ipoe ndani ya trei yake kabla ya kuiinua, maana ikiwa ya moto inapasuka.

---

Bandari_Watamu

Nashukuru sana, ndugu zangu. Hilo la kuuliza mji nimeshaliandika kwenye fomu ya kuweka nafasi. Nyongeza mbili: kuhusu Mtakatifu Lusia, mgeni mmoja kaniuliza kama watoto wake watapata zawadi hapa tarehe 13 Desemba. Nikadhani kakosea tarehe. Na 6 Januari wanamtaja bibi kizee.

---

Mpishi_Campania

Hajakosea. Huyo bila shaka ni wa Bergamo, Brescia, Verona au karibu na hapo. Kwao anayeleta zawadi za watoto ni Lusia, usiku wa 12 kuamkia 13. Watoto huweka chakula cha punda wake, maziwa na biskuti, na hulala mapema kwa sababu hawatakiwi kumwona. Ukimtayarishia sahani ndogo ya peremende na machungwa mlangoni asubuhi ya 13, umemaliza kazi. Palermo siku hiyohiyo hakuna zawadi, ila hawali mkate wala tambi. Wanakula *arancine*, madonge ya wali yaliyokaangwa, na *cuccìa*, ngano iliyochemshwa. Mpe mgeni wa Palermo wali wowote mzuri siku hiyo, ataelewa.

Bibi kizee ni Befana. Anakuja usiku wa 5 Januari kuamkia 6, anajaza soksi. Mtoto mtiifu anapata peremende, mkaidi anapata makaa, ambayo leo ni sukari ngumu iliyotiwa rangi nyeusi. Chukua soksi ndefu, tia njugu, machungwa madogo, kashata. Baada ya 6 Januari shusha mapambo yote. Wanasema siku hiyo inabeba sikukuu zote na kuondoka nazo.

---

Reli_Verona

Naongeza kwa wale wanaokuja huku kutembea, kwa sababu kosa moja linawagharimu watu fedha kila mwaka.

Neno *feriale* kwenye ratiba za treni na vibao vya maegesho linafanana na neno la likizo, lakini maana yake ni siku ya KAZI. Ni Jumatatu hadi Jumamosi, ndiyo, na Jumamosi imo. Siku ya mapumziko, pamoja na Jumapili, ni *festivo*. Kwenye vibao feriale huonyeshwa kwa nyundo mbili zilizopishana, festivo kwa msalaba. Mtu anaegesha gari Jumamosi akiona nyundo, anafikiri hazimhusu, anarudi anakuta faini. Treni vilevile: yenye alama ya nyundo haitembei 25 Aprili hata kama ni Jumanne.

Siku mbili za kuogopa kwa mabasi ya mijini ni 25 Desemba na 1 Mei. Hupungua sana, na baadhi ya miji huyasimamisha kabisa kwa saa kadhaa. Malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi nje ya miji siku za festivo kwa saa zilizopangwa, kwa hiyo mzigo uliotarajia 2 Juni utafika 3. Duka la dawa: hata likiwa limefungwa, mlangoni pana karatasi inayotaja lililo zamu. Daktari wa zamu, mikoa mingi hutumia namba 116117, na dharura ni 112.

Makumbusho ya serikali huwa bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, pia 25 Aprili, 2 Juni na 4 Novemba. Ya Vatikani hayamo kwenye mpango huo, ni nchi nyingine yenye sikukuu zake. 29 Juni, kwa mfano, hufungwa.

Sherehe za kuona, nitaje chache ninazoona zinafaa safari. Siena, mbio za farasi *Palio*, 2 Julai na 16 Agosti. Mitaa ni 17, inayokimbia ni 10 tu: saba kwa haki ya zamu, tatu kwa kura. Mizunguko mitatu, kama dakika moja na nusu, na farasi akimwangusha mpandaji anaweza kushinda peke yake. Kusimama katikati ya uwanja ni bure, ila ukiingia hutoki hadi imalizike, jua ni kali, na vyoo hakuna. Nenda na maji na kofia. Mtoto mdogo usimpeleke pale katikati.

Catania, 3 hadi 5 Februari, Agata: maelfu ya mishumaa mikubwa. Nta huganda barabarani, kwa hiyo baada ya maandamano pikipiki na viatu vyenye soli laini huteleza vibaya. Ivrea, vita vya machungwa, Jumapili hadi Jumanne ya kanivali: mtazamaji avae kofia nyekundu, ndiyo ishara kwamba hatupiwi, na asimame nyuma ya nyavu. Gubbio, 15 Mei, tarehe haihami kamwe: minara mitatu ya mbao hubebwa mabegani kwa kukimbia hadi kanisa la mlimani. Ukisimama kwenye kona ya njia utasukumwa, kaa juu ya ngazi za mlango.

Na kwa sisi Waafrika, Agrigento, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Julai hadi ya pili. Mtakatifu Calogero, sanamu yake ni ya mtu mweusi, hubebwa mitaani kwa ngoma, na watu humrushia mikate kutoka kwenye roshani. Palermo nako kuna Benedikto Mweusi, mtoto wa wazazi Waafrika waliokuwa watumwa, aliyefariki 1589 na kutangazwa mtakatifu 1807. Ni mmoja wa wasimamizi wa mji. Haya hayasemwi vya kutosha na wanaotuuzia safari za Italia.

---

Halima_VR

Samahani kuingilia uzi. Mdogo wangu analea bibi mmoja hapa Verona, analala hukohuko kazini. Mwajiri anamwambia sikukuu ni zile za taifa tu, na akifanya kazi siku hizo halipwi zaidi kwa kuwa "anakaa nyumbani humo". Ni kweli?

---

Kalenda_Bologna

Dada Halima, si kweli kwa yote mawili. Mkataba wa taifa wa kazi za nyumbani unahesabu sikukuu za taifa pamoja na siku ya msimamizi wa mji. Kwa Verona ni Zeno, 21 Mei. Akipumzika sikukuu, mshahara haukatwi. Akifanya kazi, analipwa mshahara wake wa kawaida wa siku, na juu yake saa alizofanya kazi zikiwa na nyongeza ya asilimia 60. Kulala kazini hakubadilishi hilo.

Sikukuu ikiangukia Jumapili, ana haki ya kupumzika siku nyingine au kulipwa sehemu 1 ya 26 ya mshahara wa mwezi. Kwa hiyo 2027 aangalie 25 Aprili, 15 Agosti na 26 Desemba. Jumapili yenyewe ya Pasaka haihesabiwi hivyo, inayohesabiwa ni Jumatatu yake.

Kila mwezi aweke kumbukumbu kwenye daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kisha alinganishe na karatasi ya mshahara, *busta paga*, kwenye mstari wa sikukuu. Ikikosekana, aende na karatasi hizo kwenye ofisi yoyote ya *patronato*, yaani ofisi ya kuwasaidia wafanyakazi kupata haki zao. Usisahau pia mshahara wa kumi na tatu, Desemba, na likizo ya siku 26 za kazi kwa mwaka.

---

Bandari_Watamu

Limebaki swali langu la nne. Tarehe 1 Novemba tuna wageni sita, tulitaka kupamba vyumba kwa maua.

---

Mpishi_Campania

Pambeni, ila ua la krisanthemu lisiingie chumbani. Italia hilo ni ua la makaburini. Siku ya 1 na 2 Novemba kila familia hulipeleka kwa marehemu wake, na kulikuta kitandani ni kama kupewa rambirambi. Weka asumini, mlangilangi, chochote cha kwenu.

Tarehe 2 si mapumziko lakini ni siku ya marehemu, na mgeni Mkatoliki anaweza kuulizia misa. Tafuta saa ya misa ya parokia ya karibu mapema. Chumba namba 17, kama unacho, usimpe mtu bila kumuuliza, maana hiyo ndiyo namba yao ya mkosi. 13 haiwasumbui sana. Na 25 Aprili usiwatanie kuhusu vita: mezani mnaweza kuwa na wajukuu wa pande zote mbili.

Maua ya njano ya mimosa ni 8 Machi, kwa wanawake. Siku ya baba kwao ni 19 Machi, siku ya Yosefu, si Juni. Agosti 15 mchana, tikiti maji lililokaa kwenye barafu usiku kucha, likatwe vipande vikubwa na maganda yake, lipelekwe ufukweni saa kumi.